Barua ya wazi kwa Daktari wa Mifugo wa Mkoa wa Tabora

YAH: SUMU YA PANYA INAYOUZWA BILA LEBO

Ndugu Daktari, tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nauza dawa za mifugo hapa Tabora mjini. Mahindi yakishaingia ghalani, panya nao huingia, na minadani sumu hupimwa kwa kijiko na kufungwa kwenye kipande cha gazeti: punje zilizopakwa rangi ya waridi, hazina jina. Baada ya siku chache naletewa mbwa ufizi umepauka, damu inamchuruzika puani. Namuuliza mwenyewe mbwa kala sumu gani. Hajui.

Na jina ndilo linaloamua tiba. Warfarini, iliyoanza kuuzwa Marekani kama sumu ya panya mwishoni mwa miaka ya 1940, ikifika kwenye damu karibu yote hujishika kwenye albumini, protini iliyomo kwenye damu, kisha ini huivunjavunja na mabaki yakatoka. Brodifakumu, sumu nyingine ya panya, si hivyo. Hiyo hung'ang'ania ini lenyewe, huvunjwa kwa shida na kutoka kidogokidogo kinyesini. Kwa panya, kiasi kilichomo kwenye ini huchukua zaidi ya siku 100 kupungua nusu. Zote mbili huzuia ini kuitumia upya vitamini K, na bila hiyo damu haigandi. Ila protini za kugandisha zilizokwisha tengenezwa huendelea kufanya kazi siku kadhaa, ndiyo maana mbwa hucheza leo akaanguka keshokutwa, jirani akasingiziwa.

Aliyekula warfarini huhitaji vitamini K1 wiki moja au mbili. Wa brodifakumu ni wiki nne, pengine zaidi. Ukiikatisha kwa kumwona amechangamka, anavuja damu upya. Na ile vitamini K3 iliyomo kwenye vitamini za kuku haisaidii hapa, jambo linaloniumiza kila ninapomwona mtu ameshainunua.

Kuku anayedonoa punje hizo hubaki na sumu kwenye ini, na kupika hakuiondoi. Ini la kuku tunawapa watoto.

Naomba maofisa wako washirikiane na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) kupita minadani, sumu iuzwe ndani ya pakiti yake tu, na kliniki za mifugo ziwe na K1 ya kutosha wiki nne. Wakitaka kuona vifurushi hivyo, ninavyo dukani.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Muuza dawa za mifugo, Tabora