Miwani sawa, ila maiti ibaki mezani

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua. Kuna mwandishi wenu aliandika kwamba miwani ya uhalisia mchanganyiko inakuja kumaliza kabisa habari ya wanafunzi wa udaktari kupasua maiti. Mi niko mwaka wa tatu, vyote viwili nimevipitia, na hapo naona katupeleka mbio.

Niseme ukweli kwanza, ile kitu inafundisha. Kwa asiyeijua, sio ile inayokuziba macho ukawa dunia nyingine, hii unaona chumba, unaona wenzako, alafu katikati yenu amesimama mtu ambaye hayupo, mnamzunguka, mwalimu akionyesha ini basi kila mmoja analiona lile lile kwa upande aliosimama. Mwaka wa kwanza kilichonitesa ni neva ya sauti. Ya kushoto inashuka mpaka kifuani, inapita chini ya upinde wa aota, ule mshipa mkubwa wa damu unaotoka moyoni, ndo inageuka kupanda tena kwenye zoloto, yaani kisanduku cha sauti, ya kulia yenyewe inageukia juu huko nyuma ya mtulinga. Nikasoma, nikachora, nikakariri, nikasahau. Siku ya miwani nikaingiza kichwa kifuani mwa yule mtu, nikachungulia chini ya aota, nikaiona inavyojikunja, mpaka leo haijanitoka. Na si ya mtihani tu hiyo, ikiguswa vibaya kwenye upasuaji wa tezi ya shingo mgonjwa anaamka sauti imekauka.

Lakini mle ndani kila kitu kimepakwa rangi, ateri (mishipa inayotoa damu moyoni) nyekundu, vena (inayoirudisha) bluu, neva njano. Kwenye maiti iliyokaa kwenye fomalini, ile dawa ya kuzuia isioze, yote ni kahawia iliyopauka! Mara ya kwanza kundi letu lilikwangua mafuta karibu saa nzima, nikapata kauzi keupe nikashangilia nimeipata neva, kumbe ni utando tu, na neva yenyewe nilishaikata dakika kumi kabla bila kujua. Mwalimu hakugomba, aliniambia nivute taratibu vyote viwili nisikie kipi kinakatika mapema. Hiyo ya kusikia kwa vidole miwani haina, unapitisha mkono kwenye figo ni hewa tupu.

Alafu kuna hili watu hawalisemi. Hebu gusanisha kidole gumba na cha mwisho, kunja kiganja kidogo, angalia katikati ya kifundo cha mkono. Wengi wataona kano imejitokeza, wengine hawana kabisa, wengine wanayo mkono mmoja tu, na wote ni wazima. Miili haifanani. Ule mradi maarufu wa Marekani wa 1994 uliotoa picha za mwili mzima ulitokana na maiti ya mwanaume mmoja, ikakatwa vipande zaidi ya 1,800 vya unene wa milimita 1, wa mwanamke ukafuata 1995. Kazi kubwa sana ile, ila ni mwanaume mmoja na mwanamke mmoja. Ukisomea mwili mmoja uliosafishwa, siku ukikuta mgonjwa ana ateri mbili za figo moja utadhani umepotea njia.

Na wanaotaka kununua waangalie pia. Chuo cha Case Western Reserve kule Cleveland, ambacho ndo hutajwa sana kwenye mambo haya, kilijenga programu yake juu ya HoloLens, miwani ya aina hii ya Microsoft, sasa mwaka 2024 Microsoft wakaacha kuitengeneza HoloLens 2. Maiti haiishiwi vipuri jamani. Angalau masomo yanunuliwe yale yanayoweza kuhamia kifaa kingine.

Mi ningependa miwani tuvae siku moja kabla ya kupasua, nusu saa inatosha maana zaidi ya hapo shingo inauma, kesho yake tukiingia na visu tujue tunatafuta nini na kiko nyuma ya nini, tuache kukata neva za watu waliojitolea miili yao. Na kama hela ya mwaka huu inatosha kitu kimoja tu, basi tuanze na feni za kutoa hewa chumba cha kupasulia, ile fomalini inatutoa machozi kila wiki.

Mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa tatu