Biodizeli ya chembe za nano: tuulize kichocheo kinarudiwa mara ngapi

Mhariri,

Makala zinazoisifu teknolojia ya nano kwamba itaipunguzia gharama nishati ya mimea zimekuwa nyingi, lakini aghalabu huruka jambo ambalo sisi walimu wa kemia tunakumbana nalo kila tunapojaribu kutengeneza biodizeli, yaani dizeli itokanayo na mafuta ya mimea, nalo ni kichocheo, kitu kinachoharakisha badiliko la kikemia bila chenyewe kuisha.

Mwaka jana wanafunzi wangu walichukua mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi, wakayachanganya na methanoli (aina ya alkoholi) na kostiki (soda kali) kama kichocheo. Tulipata uji mzito wa sabuni, kwa kuwa mafuta yaliyopikiwa mara nyingi huwa na maji na asidi huru, na asidi hizo huimaliza kostiki kabla haijafanya kazi yake. Jaribio la pili, tulilolianza kwa kuyachuja na kuyakausha mafuta, lilifaulu, ila dizeli yake ilibidi ioshwe mara tatu, na maji yale meupe kama tui, yenye kostiki ndani, hatukuwa na pa kuyamwaga.

Hapo ndipo chembe za nano, yaani zile zinazopimwa kwa nanomita (sehemu moja ya bilioni ya mita), zinapokuwa na maana. Mchemraba wa sentimita 1 kila upande una eneo la nje la sentimita za mraba 6; ukigawanywa kuwa vichemraba vya nanomita 10, eneo hilo hufikia mita za mraba 600, karibu sawa na eneo la penalti uwanjani, na lote ni mahali pa mafuta kukutana na methanoli. Oksidi ya kalsiamu, kichocheo kigumu kinachoweza kushika nafasi ya kostiki, hupatikana kwa kuchoma maganda ya mayai kwenye nyuzijoto 900 hivi (kumbe muuza chipsi mayai hutupa malighafi zote mbili jalala moja!), na ikiunganishwa na chembe za oksidi ya chuma zenye usumaku, huvutwa kwa sumaku kazi inapokwisha, ikatumika tena, na maji ya kuoshea yakapungua.

Hata hivyo, mafuta yenye asidi nyingi huila kalsiamu nayo ikawa sabuni, hivyo sharti asidi ipunguzwe kwanza. Tanuri nalo linataka nishati, na methanoli yenyewe bado hutokana zaidi na gesi asilia.

Kwa hiyo naomba waandishi wako, wanapoletewa habari za utafiti wa aina hii, wasiridhike na asilimia ya mafuta yaliyogeuka dizeli katika jaribio la kwanza. Waulize la kumi, kwa kichocheo kilekile, lilitoa kiasi gani, kalsiamu kiasi gani ilivujia ndani ya dizeli, na unga wa kichocheo uliochoka unatupwa wapi.

Mwalimu wa Kemia,
Morogoro