Nyumbani Krismasi: salamu kwa wanachama wa tawi letu la wahandisi wa anga

Ndugu wanachama, wahandisi, mafundi, wanafunzi, na nyinyi mnaokuja kusikiliza tu,

Habari za mwisho wa mwaka. Kila Desemba nikikaa kuandika salamu hizi huanza na telegramu ileile, na wakongwe mtanivumilia kuisikia tena. Tarehe 17 Desemba 1903, Wilbur na Orville Wright walirusha ndege yao mara nne juu ya mchanga wa Kitty Hawk, North Carolina. Mara ya kwanza ilikaa hewani sekunde 12. Mara ya nne ilikaa sekunde 59 na kwenda kama mita 260. Baadaye kidogo, ikiwa imetulia chini, upepo uliibeba ukaibingirisha, ikavunjika, na haikuruka tena. Siku hiyohiyo wakampelekea baba yao simu fupi ya maandishi: safari nne, zote dhidi ya upepo, kwa nguvu ya injini peke yake, waarifu waandishi wa habari, tutakuwa nyumbani Krismasi. Simu ikafika na makosa mawili. Sekunde 59 zilikuwa zimegeuka 57, na jina la Orville limeandikwa kombo. Aliyewahi kupokea data iliyopita mikononi mwa watu watatu anajua ninachosema.

Lile neno la mwisho la simu, nyumbani Krismasi, ndilo linalonigusa. Watu wametoka kufanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya, ndege yenyewe iko vipande vipande, nao wanahesabu siku za kuwahi sikukuu kwao Dayton. Lakini mwaka huu sitaki tubaki Kitty Hawk. Nataka turudi nyuma miaka miwili, tuingie kwenye ukumbi wa mikutano, maana ukumbi ule unatuhusu sisi kuliko mchanga ule.

Mwaka 1901 ndugu hawa walirudi kutoka kwenye majaribio wamenyong'onyea. Glaida yao, ndege isiyo na injini, ilikuwa ikitoa kama theluthi tu ya nguvu ya kunyanyua waliyoitarajia kwa hesabu zilizotegemea majedwali ya nguvu za hewa kwenye bawa ya Otto Lilienthal, Mjerumani aliyefariki mwaka 1896 baada ya kuanguka na glaida yake mwenyewe. Wilbur alikuja kukiri kwamba mwaka huo alimwambia mdogo wake kuwa binadamu hataruka kwa miaka 50. Katika hali hiyo ndipo mzee Octave Chanute, mhandisi wa reli na madaraja, alipomwalika Chicago kuzungumza mbele ya chama cha wahandisi cha kanda, Western Society of Engineers. Wilbur akasitasita. Dada yao Katharine akamng'ang'ania mpaka akakubali, akasafiri amevaa nguo za kuazima kwa Orville, kwa kuwa Orville ndiye aliyekuwa mtanashati wa nyumba ile.

Basi tarehe 18 Septemba 1901 muuza baiskeli asiye na shahada alisimama mbele ya wahandisi na kuwaeleza, kwa utaratibu na kwa picha, kwamba alichokiona hewani hakilingani na kilichoandikwa vitabuni. Ukishasema hivyo hadharani huwezi kwenda kulala. Vuli hiyohiyo wakatengeneza handaki la upepo, sanduku la mbao lenye urefu wa kama mita 1.8 na feni upande mmoja, na ndani yake mizani waliyoiunda kwa vipande vya misumeno na waya wa spoku za baiskeli. Wakapima maumbo ya mabawa kama 200. Ndege ya 1903 ilitoka kwenye sanduku lile.

Nasimulia haya kwa sababu mwaka huu baadhi yenu mliniuliza, kwa upole na wengine bila upole, tawi letu linafanya nini hasa. Hatujengi ndege. Hatuna kiwanda wala uwanja wa kurushia. Tuna mhadhara kila mwezi, ziara chache kwenye karakana, siku ya roketi za maji kwa watoto wa shule, mashindano ya setilaiti za kopo kwa wanafunzi, na chai ambayo huisha kabla ya maswali. Jibu langu ni kwamba tuna ukumbi. Mtu mwenye hesabu zisizolingana anahitaji mahali pa kwenda kuzisema.

Mfano wa karibu ninao, na unanihusu mwenyewe.

Mnaokumbuka mashindano ya mwaka huu mtakumbuka kundi la tatu. Kwa wageni nieleze: setilaiti ya kopo ni chombo kamili kilichobanwa ndani ya ukubwa wa kopo la soda, chenye betri, redio, kihisi cha joto na kihisi cha mgandamizo wa hewa. Wazo lenyewe lilitolewa na profesa Bob Twiggs mwaka 1998, na mwaka uliofuata yeye na Jordi Puig-Suari wakabuni setilaiti za mchemraba wa sentimita 10, ambazo leo zinazunguka dunia kwa mamia. Kopo haliendi obiti. Linapandishwa juu, linaachiwa, parachuti inafunguka, na linashuka polepole likituma vipimo. Sisi tunatumia droni.

Asubuhi ile kundi la tatu walikuwa na wasiwasi kwamba parachuti yao ingefunguka mapema na kunasa kwenye droni. Walinijia mimi. Niliitazama, nikaiona imekunjwa vizuri kabisa, na kwa busara zangu zote nikawaambia waongeze mzunguko mmoja wa utepe. Mmoja tu, nikasema, usalama kwanza. Kopo likapanda, likaachiwa, likaja moja kwa moja kama embe bivu. Chombo kilichotakiwa kushuka kwa kama mita 5 kwa sekunde kilikuja kwa zaidi ya 20. Sauti yake ilipogonga ardhi mliisikia wote.

Mwezi uliofuata kiongozi wao, binti wa mwaka wa pili, aliomba dakika 10 kabla ya mhadhara. Aliweka kopo mezani, limebonyea upande mmoja kama limekanyagwa. Akaonyesha mchoro wa mgandamizo wa hewa dhidi ya muda: redio haikukatika hata sekunde moja hadi kopo linagusa chini, na kwa mchoro ule walikuwa wamekokotoa kasi ya kuanguka na ukinzani wa hewa wa kopo lisilo na parachuti, kitu ambacho makundi yenye parachuti nzuri hayakuweza kukipata. Kisha akasema parachuti haikufunguka kwa sababu ilibanwa kupita kiasi. Hakusema nani aliyeshauri. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa nyuma, nikiangalia viatu vyangu.

Nilisimama, nikasema utepe ule ni wangu. Ukumbi ulicheka, na nilistahili. Ila baada ya hapo, mnakumbuka, watu watatu waliinuka mmoja baada ya mwingine: fundi aliyewahi kusahau kurunzi ndani ya bawa na kuikumbuka ndege ikiwa tayari imefungwa, mtaalamu wa programu aliyechanganya futi na mita, na mzee wetu mmoja ambaye kisa chake aliomba kibaki ukumbini, nami nimekiacha huko. Mhadhara rasmi wa usiku ule ulichelewa karibu saa nzima. Kwa maoni yangu ndio mkutano bora tuliowahi kuwa nao, na nasema hivyo nikijua mgeni mwalikwa alikuwa na slaidi 74.

Msimu huu una hadithi yake ya kopo lisilofunguka, kubwa kuliko yetu. Tarehe 25 Desemba 2003 chombo cha Waingereza, Beagle 2, kilitakiwa kutua kwenye sayari ya Mars. Kilikuwa kimeachana na Mars Express, chombo kilichokibeba, siku sita kabla. Mwanasayansi aliyekisimamia, Colin Pillinger, na wenzake waliipitisha Krismasi wakisubiri mlio. Chombo cha Mars Odyssey kikapita juu na kutega sikio, kimya. Darubini ya redio ya Jodrell Bank ikatega sikio, kimya. Kwa zaidi ya miaka 11 watu waliamini kilipasuka vipande. Halafu Januari 2015 picha za Mars Reconnaissance Orbiter, chombo kinachoizunguka Mars, zikakionyesha kipo juu ya uwanda wa Isidis, kizima. Kilikuwa kimetua. Baadhi ya paneli zake za jua hazikukunjuka, na antena ilikuwa chini ya paneli hizo, kwa hiyo hakikuweza kusema wala kusikia. Pillinger alikuwa amefariki Mei 2014, miezi minane kabla ya kujua kwamba walikuwa wamefika.

Hadithi hii siwezi kuisimulia haraka. Kila Krismasi huwaza lile kopo lao la kilo 33 likiwa limekaa pale, kazi yote ngumu imeshafanyika, limekwama kwenye bawaba.

Na upande wa pili wa tarehe hiyohiyo: 25 Desemba 2021, roketi ya Ariane 5 iliondoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, ikiwa na darubini ya anga ya James Webb, kioo chake cha vipande 18 kimekunjwa na kivuli chake cha kuikinga na jua, cha matabaka matano, kimekunjwa pia. Kulikuwa na sehemu 344 ambazo yoyote kati yake ikigoma, imekwisha. Zote zilifanya kazi. Lakini msisahau kwamba mwaka 2018, kwenye jaribio la sauti kubwa hapa duniani, skrubu na washa za kifuniko cha kivuli kile zililegea zikadondoka. Kulikuwa na aibu, na jopo la uchunguzi, na ucheleweshaji. Kama zisingedondokea ndani ya chumba cha majaribio, nani angeziokota kilomita milioni 1.5 kutoka duniani?

Desemba ina mengi. Ndiyo mwezi wa setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco baharini kwenye pwani ya Kenya, ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, na neno lake ni la lugha yetu. Nimeahidi mhadhara juu yake kwa miaka miwili sasa. Mwakani, kweli.

Siku ya roketi za maji nisiiache, ingawa taarifa yake mnayo. Chupa za lita mbili, theluthi moja maji, pampu ya baiskeli, na watoto waliolowa hadi soksi. Nakumbuka mmoja, umri kama miaka tisa, ambaye roketi yake ilipanda mita chache ikageuka ikarudi kichwa chini mara mbili mfululizo. Hakumwuliza mtu yeyote. Aliilaza chupa juu ya kidole mpaka ikakaa sawa, akaona uzito wote uko nyuma, akabandika donge la udongo wa kuchezea kwenye pua ya roketi. Mara ya tatu ilikwenda wima mpaka tukainua shingo. Kuna wanafunzi wa chuo walioeleza kitovu cha uzito kwa nusu saa siku hiyo, naomba msiniulize nani alieleweka zaidi.

Kwa mwakani jambo jipya ni moja tu. Kamati imekubali kwamba dakika 20 za kwanza za kila mkutano ziwe za kitu kilichoharibika: ukilete mezani kama kinabebeka, useme ulitarajia nini na ukaona nini. Majina ya waajiri yabaki nyumbani. Kuna waliopinga, wakisema tutaidhalilisha taaluma mbele ya wanafunzi. Nimewasikiliza, nawaheshimu, na sikubaliani nao.

Sasa salamu zenyewe. Kwa mnaosherehekea Krismasi, iwe njema na yenye utulivu. Kwa wote, heri ya Mwaka Mpya. Kwa mafundi mtakaokuwa chini ya bawa usiku wa mkesha na taa ya kichwani, kwa waongoza ndege, kwa mnaolinda setilaiti mbele ya skrini wakati wengine wanakula, ninyi hamtakuwa nyumbani Krismasi ili wengine wafike. Tumezoea kuwashukuru kwa sentensi moja kisha tukaendelea. Mwaka huu mkutano wa Januari tumeusogeza hadi wiki ya pili, zamu za sikukuu zikiwa zimekwisha, nanyi ndio mtakaotangulia kwenye chai.

Kundi la tatu, lile kopo lenu bado liko mezani kwangu. Nitakuja nalo Januari, na utepe nimeuacha ulivyo.

Katibu wenu