Kazi za ufundi si jalala la waliofeli

Ndugu Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu kimyakimya miaka nenda rudi, lakini ile taarifa yenu kuhusu kazi zenye kipato kizuri kwa vijana walioshindwa shule imenikera mno. Mmetaja umeme, uchomeleaji na viyoyozi, kisha mkasema hazihitaji kichwa, ni mikono tu. Nani kawaambia?

Mchukueni fundi wa mitambo ya ubaridi. Anapounga mabomba ya shaba kwa moto hupitisha gesi ya naitrojeni ndani polepole ili kufukuza hewa, la sivyo joto hutengeneza magamba meusi ambayo baadaye huziba vali ya upanuzi, ile njia nyembamba inayopitisha gesi kwa kipimo. Akimaliza hupima uvujaji, kisha huvuta hewa kwa pampu ya vakyumu hadi geji isome mikroni 500 au chini yake; mikroni ni kipimo cha shinikizo dogo lililobaki ndani. Hapo hufunga vali ya kuelekea pampu, huzima pampu na kuitazama geji. Namba ikipanda kupita kiasi kisha ikatulia, ndani bado kuna unyevu. Ikipanda bila kukoma, kuna tundu. Asiyeweza kutofautisha hali hizo mbili hujaza gesi hivyohivyo, unyevu ukachanganyika na oili, ikazaliwa asidi, asidi ikala kinga ya nyaya za mota, na kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi, ikaungua. Mwenye mtambo ataambiwa kompresa ilikuwa feki! Kinacholipwa hapo ni akili ya kufuata chanzo cha tatizo hadi mwisho. Kijana aliyeshindwa na insha anaweza kuwa nayo tele, na hesabu zilizomtesa ubaoni zikamwingia pale namba inapokuwa shinikizo analoliona kwenye geji. Lakini kusoma kupo: jedwali la shinikizo na joto la kila gesi, michoro ya umeme, kanuni ya Ohm inayounganisha volti, mkondo na ukinzani. Mkimwahidi kwamba hakuna kusoma mnamdanganya, naye ataacha mafunzo mapema akiamini kwamba ameshindwa mara ya pili.

Uchomeleaji nao ni hivyohivyo. Bomba la chuma cha pua lisipojazwa gesi ya agoni kwa ndani ili kufukuza hewa, mshono huungua upande wa pili na kuota chengachenga kama sukari iliyoungua. Hukatwa, kazi ikaanza upya. Mwenye malipo ya juu ni yule anayefaulu mtihani wa bomba lililofungwa kwa mwinamo wa nyuzi 45, asiloruhusiwa kulizungusha.

Tukiwa hapohapo, vyuo na waajiri nao wamezidi. Mtu anayesoma kwa shida kwa sababu ya disleksia anafelishwa na aya ndefu za mtihani wa nadharia, ilhali hitilafu angeitambua kabla wenzake hawajafungua kasha la mtambo. Halafu anayesaili anauliza alama za sekondari, wala hamwekei mtambo mbele yake.

Pendekezo langu ni hili. Mtihani wa kumaliza chuo ufanywe kwenye kiyoyozi kilichoharibiwa makusudi sehemu tatu: kapasita (kifaa kinachosaidia mota kuwaka) mbovu, waya wa thamostati (kidhibiti joto) uliokatika na kichujio cha gesi kilichoziba. Mtahiniwa apewe multimita ya kupimia umeme, geji na saa mbili. Maswali asomewe kwa sauti, ajibu kwa mdomo. Atakayezipata zote na kueleza sababu apewe cheti kamili, na waajiri wautumie mtihani huohuo kwenye usaili.

Wenu,
Fundi wa mitambo ya ubaridi