Wachezaji wapya wasife mapema hivi

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Sisi hapa Ntinda kila Jumamosi tunacheza gemu za mezani za kuigiza, zile za dadu na wachawi, na wiki iliyopita binamu yangu alikuja mara ya kwanza, akakaa saa nzima anaandika historia ya mchawi wake, akarusha dadu ya pande 4 akapata pointi 2 za uhai, goblini mmoja, yale majini madogo maadui, akamchoma na mchezo wake ukaishia hapo. Kijana aliumia kweli, nami niliumia naye.

Hizo za kurusha dadu kupata uhai ni sheria za zamani za mchezo wa Dungeons & Dragons, na wazee wetu pale mezani wanazipenda eti zinafundisha kuogopa. Toleo la 5 la 2014 linampa mchawi wa levo ya kwanza pointi 6 kamili za uhai na mpiganaji 10, unaongeza bonasi ya ustahimilivu, yaani nyongeza ndogo inayotokana na ugumu wa mwili wa mhusika, ni afadhali lakini goblini wa toleo hilo bado anaweza kukutoa mpaka pointi 8 kwa pigo moja la kawaida! Mimi napenda ile ya toleo la 4 la mwaka 2008, mchawi anaanza na 10 na juu yake skoa yake yote ya ustahimilivu, si bonasi yake tu, kwa hiyo anapigwa mara mbili tatu na bado ana nafasi ya kukimbia au kujificha nyuma ya mwenzake. Najua pambano linakuwa refu, basi ninyi wasimamizi mnaoendesha mchezo mpunguzie maadui uhai, si wachezaji.

Jumamosi hii nitamwomba binamu arudi.

Msomaji wenu, Ntinda, Kampala