Barua kwa Asumpta kuhusu kuhama Kibamba

Kibamba, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Mpendwa Asumpta,

Salamu nyingi kwako, kwa mama na kwa wote hapo Peramiho. Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Ningekupigia simu kama ilivyo kawaida yetu, lakini chumba ninacholala kinapakana na sebule, na jambo nililo nalo halifai kusikika sebuleni kwa sasa. Nina ombi, na ombi lenyewe linamhusu mama yangu.

Kazini ninaendelea vizuri. Ofisi yetu ni ya wakala wa forodha, karibu na Posta, na sisi watarajali tumepewa mizigo ya kupita, yaani shehena inayoshuka bandarini ikielekea Zambia na Kongo. Nimekwisha kujifunza kuandaa kadhia, yaani tamko la mzigo kwa forodha, kufuatilia malipo ya bandari na kuzungumza kwa upole na madereva waliokwama Tunduma hata wanapoanza kufoka. Posho inaishia kwenye nauli na chakula cha mchana, jambo nililolijua tangu nilipoomba nafasi, kwa hiyo silalamiki.

Kinachonishinda ni njia. Kutoka hapa hadi mjini ni kama kilomita 25, na ili nifike kabla ya saa mbili inanibidi niwe kituoni saa kumi na nusu alfajiri, nipande daladala hadi Kimara, kisha nisimame kwenye foleni ya mwendokasi pamoja na watu ambao nimeanza kuwatambua kwa mabegi yao. Jioni nimefundishwa ujanja wa wenyeji: pale Posta ya Zamani hupandi basi la Kimara, bali unapanda linalokwenda Kivukoni, mwisho wa njia, ili ugeuze nalo ukiwa umeketi. Mabasi hayo yalipoanza mwaka 2016 tulisimuliwa kule nyumbani kwamba foleni za Dar es Salaam zimekwisha. Aliyetusimulia bila shaka hakuwahi kukutwa mjini na mvua ya masika, Mto Msimbazi ukafurika na barabara ya Jangwani ikafungwa. Siku kama hiyo ninaweza kumweleza mteja wa Lubumbashi kontena lake limefika wapi, lakini shangazi akiuliza nitafika nyumbani saa ngapi, sina jibu.

Na shangazi huuliza, Asumpta, kwa sababu halali mpaka nifike. Hapo ndipo ugumu ulipo. Angekuwa mkali au mchoyo ningekwisha kuondoka. Lakini ananiwekea chakula chini ya kawa, hataki hata nichangie umeme, na Jumapili ananitambulisha kanisani kama mtoto wa marehemu kaka yake, hadi naona haya.

Jeni amepata chumba Ilala, upande wa mjini wa bonde la Msimbazi, ambako hata Jangwani ikifungwa nitafika ofisini kwa miguu. Mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali anadai ya mwezi mmoja iwe yake, kwa kazi ya kutuonyesha mlango tu. Tukigawana na Jeni inawezekana, kwa akiba ile unayoijua.

Nilipogusia jambo hilo kwa mbali, shangazi alicheka akasema, “Nyumba ipo, ukapange kwa nani?” Sikuendelea. Unajua jinsi watu wetu wanavyomtazama msichana anayeondoka kwa ndugu kwenda kupanga chumba. Hakuna atakayeuliza habari za Jangwani, wataulizana ni nani anayemlipia. Zaidi ya hayo, mama na shangazi ni mawifi, na tangu msiba wa baba wamekuwa wakipimana maneno. Nikihama ghafla, shangazi atasema kwamba mama ndiye aliyenifundisha kutoshukuru, na mama atasema kwamba lazima nilitendewa jambo baya huku. Yote mawili hayatakuwa kweli, na yote mawili yatafika kwa baba mkubwa kabla sijamaliza kufungasha.

Kwa hiyo ninakuomba uende kwa mama kabla ya Jumamosi, siku ambayo dalali anataka jibu, umweleze taratibu kwamba sijagombana na mtu. Kisha yeye mwenyewe ampigie shangazi, amshukuru kwanza kwa malezi, halafu aombe kwa niaba yangu niruhusiwe kukaa karibu na kazi mpaka utarajali uishe, nikija Kibamba kila mwisho wa wiki. Likitoka kwa mama kama ombi, nadhani shangazi atalipokea. Likitoka kwangu litakuwa taarifa. Mweleze pia habari za saa kumi na nusu, maana hilo sijapata kumwambia. Usimweleze habari za dalali, atasema tunaibiwa, na kusema kweli tunaibiwa.

Je, utaweza kwenda Alhamisi, siku ambayo haendi gulioni? Unaona ni bora uende peke yako, au na dada Batilda, ambaye mama humsikiliza zaidi? Mahindi mmekwisha kuuza, au bado mnangoja bei? Na yule mwalimu wa Mbinga, amejibu au ndiyo mambo yamekwisha? Wewe mwenyewe ungekuwa mahali pangu, ungehama?

Nijibu kwa ujumbe wa maandishi, tafadhali, si wa sauti.

Rafiki yako,
Konsolata