Namba za ile chati

Sinza, Dar es Salaam

Rehema shoga yangu,

Hujambo? Barua yako nimeipata, kwamba umemwomba mtafiti namba za ile chati ya Mchoro wa 3 kwenye makala yake, naye kimya. Kukunyamazia si ajabu. Ule mstari wa mwishoni mwa makala, kwamba data zitatolewa kwa atakayeziomba, mara nyingi ni "karibu chakula" ya mtu aliyebakiza tonge moja. Utafiti uliochapishwa 2022 ulijaribu ahadi hiyo kwa waandishi wa makala 1,792. Waliotoa ni 122.

Wapo wanaoficha, sikatai. Kuna anayehofia utamkuta na kosa, na kuna anayetaka kuzikamua data hizohizo makala nyingine mbili. Lakini aghalabu tatizo ni faili lenyewe. Hadi chati ichorwe, hojaji zimeingizwa kwenye Excel, zikasafishwa, zikaunganishwa, ndipo wastani ukapigwa. Kichwa cha safuwima kinasema "q17b", na anayejua maana yake ni mwanafunzi aliyehitimu akaondoka na kompyuta yake. Kuzipanga upya ni kazi ya siku kadhaa, wala haimpandishi mtu cheo.

Data za wagonjwa ndizo ngumu zaidi. Fomu ya ridhaa ikisema "kwa utafiti huu tu", mtafiti hana ruhusa ya kukupa, na sasa ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kufuta majina hakutoshi: katika kijiji kidogo, umri, kazi na idadi ya watoto vinatosha kumjua mtu.

Kwa hiyo usimwambie "naomba data zako". Omba namba zilizochora Mchoro wa 3 peke yake, safuwima mbili au tatu. Wastani wa kundi kubwa haumfichui mgonjwa. Mwandikie mwandishi wa mawasiliano, yule ambaye barua pepe yake imewekwa kwenye makala, pamoja na yule wa mwisho kwenye orodha, ambaye mara nyingi ndiye mkuu wa mradi. Wiki mbili zikipita, kumbusha mara moja. Kisha mwandikie mhariri wa jarida.

Ukikosa kabisa, pima picha yenyewe kwa WebPlotDigitizer, programu ya kusoma namba kutoka kwenye picha ya chati. Kuza PDF kwanza ndipo uikate picha. Ukiipiga kwa simu, mihimili, ile mistari yenye vipimo, inapinda na kila namba inaharibika. Bonyeza sehemu mbili zenye thamani inayojulikana kwenye kila mhimili, kisha weka alama kwenye doti. Mhimili ukiruka 1, 10, 100, chagua logi, la sivyo namba za katikati zote zitakuwa uongo. Hesabu doti ulizopata ulinganishe na idadi ya washiriki, maana zinazolaliana huonekana moja.

Vile vijiti juu ya nguzo ndivyo huponza wengi. Soma maelezo chini ya mchoro: vikiwa kosa sanifu (standard error, kiasi wastani unavyoweza kukosea), zidisha kwa kipeuo cha pili cha idadi ya watu wa kundi hilo ndipo upate mkengeuko sanifu (standard deviation, jinsi watu wanavyotofautiana na wastani). Watu 25, zidisha kwa 5. Vikiwa mkengeuko wenyewe, usiguse. Na kama maelezo hayasemi, swali hilo moja litie kwenye barua pepe yako. Hata mvivu hujibu.

Wasalimie nyumbani.

Wako,
Mwanaidi